Mtoto akitaka urubani, aanzie wapi?

CHUKULIA familia moja ya Kitengela. Kijana ana miaka 16, yuko Kidato cha Tatu, na tangu utotoni hajaacha kutoka nje kila anaposikia ndege ikipita juu ya paa. Jioni moja wakati wa chajio anasema lililo moyoni mwake: "Baba, nataka kuanza kujifunza urubani. Si baada ya chuo. Likizo hii inayokuja."

Mama anacheka, kisha ananyamaza anapoona kwamba kijana hacheki. Baba anauliza ni pesa ngapi. Mjomba, ambaye hakosi neno, anasema shule nzuri ziko Afrika Kusini na kwamba anamjua mtu anayemjua mtu huko. Kabla ya vyombo kuoshwa, tayari kuna wazo la kuuza ploti ya Isinya.

Wote mezani wanauliza swali moja: Shule gani? Ni swali zuri, lakini linaulizwa mapema mno. Kabla ya shule kuna chumba cha daktari, na familia inayokiruka chumba hicho inaweza kuuza ploti kwa ajili ya leseni ambayo mtoto hataruhusiwa kuipata.

Daktari kabla ya karo

Hakuna anayeruhusiwa kurusha ndege peke yake bila cheti cha afya ya urubani. Cheti hicho hakitolewi na daktari yeyote wa mtaani. Hutolewa baada ya uchunguzi wa daktari aliyeidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Ndege ya Kenya, KCAA, na mzazi anaweza kuuliza huko majina ya madaktari hao.

Kuna madaraja mawili ambayo mzazi anafaa kuyajua. Daraja la pili linamtosha mwanafunzi na mtu anayetaka kuruka kwa raha zake. Daraja la kwanza ndilo linalohitajika kwa rubani anayelipwa mshahara, na masharti yake ni makali zaidi. Hapa ndipo wengi hujikwaa. Kijana anapata cheti cha daraja la pili, anaanza masomo, familia inalipa kwa miaka miwili, halafu anapokwenda kutafuta daraja la kwanza ndipo tatizo linapojitokeza. Kwa kijana ambaye ndoto yake ni kazi wala si mchezo wa wikendi, ni busara kupimwa daraja la kwanza tangu mwanzo, hata kama sheria haimlazimishi.

Uchunguzi wenyewe hauumizi. Daktari hupima macho, masikio, mapafu, shinikizo la damu na mkojo, huandika umeme wa moyo, na huuliza maswali mengi kuhusu maradhi ya zamani na hali ya akili. Miwani si kizuizi. Kwa daraja la kwanza, kila jicho linatakiwa kufikia kiwango cha 6/9, na linaweza kukifikia kwa msaada wa lenzi. Kijana anayeketi dawati la mbele kwa sababu haoni ubao vizuri hajapoteza ndoto yake; anahitaji miwani.

Rangi ni jambo lingine. Upofu wa rangi huwapata zaidi wavulana kwa sababu jeni inayousababisha iko kwenye kromosomu ya X, na mvulana ana moja tu. Mtoto anaweza kufika Kidato cha Nne bila mtu yeyote nyumbani kujua, maana amejifunza kuita nyasi kijani na damu nyekundu kama anavyosikia wengine wakiita. Daktari hutumia kitabu cha Ishihara, chenye kurasa za madoadoa ambamo tarakimu zimefichwa kwa rangi. Anayeshindwa kuzisoma si lazima afungiwe mlango hapo hapo, kwani kuna vipimo vya ziada vya kuona kama anatofautisha rangi zinazotumika angani. Lakini sababu ya kipimo ni ya kweli. Bawa la kushoto la ndege lina taa nyekundu na la kulia lina ya kijani, na usiku taa hizo ndizo humwambia rubani kama ndege iliyo mbele inakuja au inaondoka. Taa za kando ya barabara ya kutua nazo humwonyesha kwa nyeupe na nyekundu kama yuko juu mno au chini mno.

Kipimo hiki cha rangi hakichukui hata dakika kumi, na hata kliniki ya kawaida ya macho inaweza kukifanya. Familia inaweza kuanza nacho kabla ya gharama nyingine yoyote.

Ukweli mbele ya daktari

Sehemu ngumu ya uchunguzi ni fomu ya maswali. Umewahi kuzimia? Umewahi kupata kifafa? Una pumu? Umewahi kutumia dawa za usingizi, za sonona au za kutuliza akili?

Kijana anayeitaka sana nafasi hii hushawishika kuficha. Mzazi pia hushawishika. Ile pumu ya darasa la pili, anajiambia, si iliisha? Ile wiki mwanafunzi alipolazwa baada ya kuanguka gwaride, si ilikuwa jua tu? Ni kweli kwamba baadhi ya maradhi, kama kifafa, humzuia mtu kupata cheti. Lakini mengi hupimwa kwa kuangalia hali ilivyo sasa. Pumu ya utotoni iliyotulia si sawa na pumu inayomlazimu kijana kuvuta dawa kila usiku. Mtu mwenye ugonjwa wa seli mundu si sawa na yule aliyebeba jeni moja tu bila kuugua. Huyu wa pili mara nyingi huruhusiwa. Kinachomharibia mtu ni kugundulika baadaye kwamba alidanganya, kwa kuwa hapo suala si afya tena bali uaminifu, na ndege haikabidhiwi mtu asiyeaminika.

Kuna hatari nyingine iliyo kubwa kuliko kupoteza leseni. Kijana anayeamini kwamba kumwona mshauri nasaha kutamharibia urubani anaweza kunyamaza akiwa na huzuni nzito. Mzazi anafaa kuliweka hili wazi mapema: matibabu huja kwanza, ndoto inaweza kusubiri. Mwaka mmoja wa kusubiri si kitu kwa mtu wa miaka 16.

Ni vyema mzazi na mtoto wapitie historia ya afya pamoja kabla ya siku ya kupimwa, wakiwa na kadi za hospitali za zamani. Kisha wakati wa mazungumzo na daktari, mzazi amwachie kijana nafasi ya kuzungumza peke yake. Kuna mambo ambayo kijana wa miaka hiyo hawezi kuyasema mama yake akiwa ameketi kando.

Umri na hatua

Habari njema kwa familia ya Kitengela ni kwamba hakuna haraka. Leseni ya mwanafunzi, inayomruhusu kuruka peke yake chini ya uangalizi wa mkufunzi, hutolewa kuanzia miaka 16. Leseni ya rubani binafsi ni miaka 17, na ya kibiashara ni miaka 18. Kuketi kando ya mkufunzi na kushika usukani katika somo la kwanza kunawezekana hata kabla ya hapo.

Kiwango cha chini cha kimataifa cha leseni ya binafsi ni saa 40 angani, au 35 kwa kozi iliyoidhinishwa. Kwa leseni ya kibiashara ni saa 200, au 150 kwa kozi ya moja kwa moja iliyoidhinishwa. Hizo ni saa za chini. Wanafunzi wengi huhitaji zaidi, hasa wanaosoma kwa kusitasita.

Wakati huohuo, kuna sehemu ya masomo isiyohitaji ndege. Hali ya hewa, ramani na mwelekeo, sheria za anga, na namna mwili wa binadamu unavyofanya kazi ukiwa juu ni masomo ya darasani. Kijana anaweza kuyaanza kwa vitabu akiwa nyumbani, na mzazi ataona kama hamu ni ya kweli au ni ya sare tu. Fizikia, Hisabati na Kiingereza navyo visiachwe. Kiingereza ndicho hutumika kwenye redio, na rubani hupimwa rasmi kama anakielewa na kuelewekana.

Karibu au mbali?

Mjomba hakukosea kabisa. Wakenya wengi wamesomea urubani Afrika Kusini, Marekani na kwingineko, na wamerudi wakapata kazi. Irene Koki Mutungi, aliyejiunga na Kenya Airways akiwa rubani wa kwanza mwanamke wa shirika hilo, na ambaye mnamo 2014 alikuwa mwanamke wa kwanza Mwafrika kuwa nahodha wa Boeing 787, alianza masomo Nairobi kisha akaenda Marekani kwa leseni ya kibiashara. Mpangilio huo una funzo: hatua ya kwanza nyumbani, ya pili mbali.

Kwa kijana wa miaka 16 au 17, kuanza karibu na nyumbani kuna faida ambazo hazionekani kwenye orodha ya bei. Mzazi atamwona akirudi jioni na kujua kama amefurahi au ameogopa. Akiugua, atauguzwa. Akigundua baada ya saa kumi angani kwamba hii si kazi yake, atasema bila aibu ya kurudishwa kutoka ng'ambo. Aidha, leseni ya nchi nyingine huhitaji kubadilishwa iwe ya Kenya, na shughuli hiyo ina mitihani yake, ada zake na muda wake.

Nairobi, shule nyingi ziko katika Uwanja wa Ndege wa Wilson. Kwa wanaotazama nje kidogo ya mipaka, kuna chuo cha Soroti nchini Uganda, kilichoanzishwa mwaka wa 1971 kuzihudumia nchi za Afrika Mashariki, na chuo cha Ethiopian Airlines jijini Addis Ababa.

Wilson una mambo yake. Uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, injini ndogo haipati nguvu kama ya Malindi au Ukunda, na ndege huhitaji barabara ndefu zaidi kupaa, hasa jua la mchana linapowaka. Anayejifunzia hapo huzoea mapema kuheshimu joto na uzito. Pia ni uwanja wenye shughuli nyingi, mwanafunzi akipanga foleni na ndege za abiria zinazokwenda mbugani na Pwani. Wengine husema hilo humkomaza mtu redioni. Wengine husema dakika zinazotumika kusubiri injini ikiwaka ni pesa ya mzazi. Wote wana haki.

Kalenda nayo iangaliwe. Likizo ya Aprili huangukia katikati ya mvua za masika, na masomo mengi huahirishwa. Agosti, mawingu ya chini hufunika Nairobi asubuhi na pengine yasipande hadi karibu saa sita. Likizo ndefu ya mwisho wa mwaka hukutana na mvua za vuli. Mzazi anayepanga wiki tatu za likizo kana kwamba kila siku itakuwa ya kuruka atavunjika moyo. Hata hivyo, somo moja kwa mwezi halisaidii. Kila mara mwanafunzi hutumia nusu saa kukumbuka aliyosahau. Ni afadhali kukusanya pesa kwanza, kisha kuruka mara mbili au tatu kwa wiki hali ya hewa inaporuhusu.

Nazi hutikiswa

Anayenunua nazi haridhiki kwa kuitazama. Huitikisa asikie maji. Shule ya urubani nayo itembelewe, tena siku ya kazi, bila kutangulia kupiga simu ikiwezekana.

Jambo la kwanza ni idhini. Shule iwe kwenye orodha ya KCAA ya taasisi zilizoidhinishwa, na idhini iwe hai na iwe ya kozi ile ile anayoitaka mtoto. Cheti kilichowekwa fremu ukutani hakitoshi. Tarehe yake isomwe, kisha iulizwe KCAA.

La pili ni ndege. Shule inasema ina ndege nne? Mzazi ahesabu ngapi ziko tayari kuruka leo. Ndege za mafunzo hukaguliwa kila baada ya saa 50 na 100 za kuruka, na shule yenye ndege moja itamweka mwanafunzi nyumbani kila inapoingia karakana.

La tatu ni mkufunzi. Wakufunzi wengi ni vijana wanaokusanya saa ili waajiriwe na mashirika, kwa hiyo huondoka. Hilo si kosa. Lakini mzazi aulize: Mwanangu atapewa mkufunzi mmoja au kila siku mpya? Huyu akiondoka, nani atachukua nafasi yake? Na kijana mwenyewe aulizwe baada ya somo la kwanza kama alieleweshwa au alifokewa. Mtoto anayemwogopa mkufunzi hatamwambia kwamba hakuelewa, na angani kutoelewa kuna gharama.

La nne ni usalama. Mnamo Machi 5, 2024, ndege ya mafunzo aina ya Cessna 172 na ndege ya abiria aina ya Dash 8 ziligongana angani juu ya Mbuga ya Wanyama ya Nairobi. Waliokuwa ndani ya ndege ya mafunzo, mwanafunzi na mkufunzi wake, walifariki. Ndege ya abiria ilirejea Wilson ikatua salama. Mzazi hapaswi kuona haya kulitaja tukio hili. Aulize wanafunzi hufanyia mazoezi eneo gani, hutenganishwaje na ndege nyingine, na nani mwenye neno la mwisho la kusema, "Leo haturuki." Shule inayojibu kwa utulivu na kwa undani ni tofauti na inayosema, "Msijali, mama."

Wanafunzi walioketi nje wakisubiri zamu pia waulizwe. Umekuwa hapa muda gani? Una saa ngapi? Ulitarajia kumaliza lini? Majibu ya hao ndiyo maji ya nazi.

Tumbo, masikio na usingizi

Mara nyingi kijana hurudi kutoka somo la kwanza akiwa amejawa na furaha. Mara nyingine hurudi akiwa amenyamaza kwa sababu alitapika. Kichefuchefu mwanzoni ni cha kawaida na kwa wengi hupungua kadiri mwili unavyozoea. Hewa ya asubuhi huwa tulivu kuliko ya mchana, kwa hiyo somo la mapema husaidia mawingu yakiruhusu. Asile chakula kizito, lakini pia asiruke tumbo tupu. Chai na mkate saa moja kabla vinatosha, na maji anywe. Vidonge vya kuzuia kichefuchefu vinavyouzwa dukani vingi huleta usingizi, na mwanafunzi rubani asivimeze bila kumuuliza daktari wa urubani.

Mafua nayo si jambo dogo. Ndege hizi ndogo hazidhibiti shinikizo la hewa ndani. Kijana mwenye pua iliyoziba anaposhuka kutoka juu, hewa hushindwa kupita kwenye mrija unaounganisha sikio na koo, na maumivu yake ni makali. Ngoma ya sikio inaweza hata kujeruhiwa. Mwenye mafua akae nyumbani, hata kama somo limelipiwa. Vivyo hivyo anayetibiwa malaria, mpaka apone kabisa. Na usiku wa kabla ya somo simu iwekwe kando, alale.

Pesa kidogo kidogo

Somo la kwanza lilipiwe peke yake: nusu saa au saa moja ya kuonja. Likienda vyema na cheti cha afya kikipatikana, walipie saa chache chache. Shule za urubani zimewahi kufungwa katika nchi mbalimbali wanafunzi wakiwa wamelipa karo yote, na kudai pesa kutoka kwa kampuni iliyofilisika huchukua miaka. Punguzo la kulipa yote kwa pamoja huwa tamu masikioni, lakini ni mzazi ndiye anayebeba hatari.

Bei iandikwe. Je, inajumuisha mafuta, ada za kutua, mitihani, vitabu, leseni na vifaa vya masikioni? Saa zikizidi 40, kila saa ya ziada ni kiasi gani? Na mtoto akinyimwa cheti cha afya katikati ya safari, kinarudishwa nini? Karatasi isiyojibu maswali hayo isitiwe saini.

Sasa turudi kwenye meza ile ya Kitengela. Ploti ya Isinya haiuzwi wiki hii. Baba anaandika namba ya daktari. Mama anafungua droo na kutoa kadi ya zamani ya hospitali, ile ya mwaka ambao kijana alikuwa akikohoa usiku, na kijana anaitazama kana kwamba ni hati ya mashtaka. "Mama, lazima tumwonyeshe?" Lazima. Daktari ataisoma, atapima mapafu yalivyo leo, na ataamua akiwa na ukweli wote mbele yake. Akisema ndiyo, ndipo mjomba aanze kuuliza habari za shule, na ploti izungumzwe.